Sifuri ya vita si pointi ya mwanafunzi

Ninyi jamaa mlioacha nyumba zenu kwa sababu ya vita, leo ninaongea juu ya hesabu. Si hesabu ya mifuko ya unga wala ya mahema. Ni hesabu ya pointi zinazoamua kama kijana wako chuoni atapanda au atarudilia mwaka.

Sheria kubwa inajulikana. Kila kozi inahesabiwa juu ya 20, na anayefikisha 10 amepita. Katika mfumo wa LMD, mwaka mzima ni kredi 60, na lisansi ni kredi 180 kwa miaka mitatu. Kisichojulikana ni namna ile 10 inavyopatikana. Kuna intero, kuna kazi za kufanyia nyumbani, kuna mtihani wa mwisho. Mara nyingi kila mwalimu ana mizani yake, na mwanafunzi anakuja kuijua siku matokeo yanapobandikwa ukutani.

Tuchukue mfano wa kozi ya elimu ya nyota, ile inayoeleza kwa nini mwezi unapatwa na namna dunia inavyozunguka jua. Tuseme nusu ya pointi ni ya intero tatu, na nusu ni ya mtihani. Mwanafunzi anafanya intero ya kwanza, anapata 14. Kisha risasi zinalia, anakimbia na mama yake na wadogo zake. Intero ya pili na ya tatu hayupo: anaandikiwa 0 na 0. Anarudi, anaazima madaftari ya wenzake, anafanya mtihani, anapata tena 14.

Sasa hesabuni pamoja nami. 14 na sifuri mbili, gawanya kwa 3: ni 4,67. Ongeza 14 ya mtihani, gawanya kwa 2: ni 9,33. Ameanguka! Mtu ambaye kila alipoketi mbele ya karatasi alipata 14.

Mtaniambia kuna sesio ya pili. Lakini kama pointi za intero zinabaki zilezile, huyo atapaswa kupata zaidi ya 15 katika mtihani ili afikishe 10. Mwenzake ambaye hakukimbia, aliyepata 8 katika kila intero, anahitaji 12 tu. Je, hapo tunapima akili ya nani, au tunapima nani alikuwa mbali na mabomu?

Elimu ya nyota yenyewe inakataa hesabu hiyo. Mtaalamu akiinua darubini usiku wa mawingu, haandiki kwamba nyota zimekwisha mbinguni. Anaandika kwamba kulikuwa mawingu, kisha anangoja usiku mwingine. Kutoona si sawa na kutokuwepo kitu.

Na mawingu yetu kila mtu aliyaona. Goma ilianguka mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata katikati ya Februari. Benki zilifunga milango. Maelfu walivuka mto Rusizi kuingia Burundi. Hata waalimu walikimbia, wala hakuna aliyewaandikia sifuri.

Najua jibu la wengine: "Tukimhurumia mmoja, wote watasema walikimbia, na diploma itakosa thamani." Wavivu wapo, ndiyo. Lakini hakuna anayeomba pointi za bure. Tunaomba mtu apimwe kwanza ndipo ahukumiwe. Sifuri iwe ya yule aliyekuwa karibu, akaweza kuja, akakataa. Na mwalimu mwenye wanafunzi mamia, ambaye mshahara wake unachelewa, hatumwombi atunge intero kumi mpya. Karatasi moja, siku moja, kwa wote waliokosa, inatosha.

Basi madai ni haya. Kwanza, mizani ya kila kozi iandikwe na kubandikwa siku ya kwanza ya masomo. Pili, aliyekosa kwa sababu ya vita aandikwe "hakuwepo", asiandikwe 0, na apewe intero ya kufidia. Tatu, ikishindikana, pointi za intero alizokosa zihamishiwe kwenye mtihani wake wa mwisho. Nne, haya yaamuliwe kabla waalimu hawajakaa kwenye delibe, kwa sababu baada ya hapo mlango ni mgumu kufunguka.

Ninyi wazazi, hata mkiwa kambini au kwa familia zilizowapokea, msimwulize kijana tu kama amepita. Mwulizeni: wamekuhesabia namna gani? Atunze karatasi zake za intero, na kila hati inayoonyesha wapi alikimbilia na tarehe gani. Aandike barua kwa mkuu wa idara yake mapema, abaki na nakala. Wakiwa wengi katika hali hiyo, waandike barua moja, wote watie sahihi. Barua ya mtu mmoja inapotea mezani. Ya watu arobaini, mtu ataulizwa iko wapi.