Usawa wa Maneno Uamuliwe na Wanaisimu

Katika lugha ya programu ya Java kuna seti isiyohifadhi kitu kimoja mara mbili. Kila kitu hukokotolewa namba ya kukionyesha mahali pake. Vitu vinavyohesabiwa kuwa sawa sharti viwe na namba moja. Lakini ni nani aamuaye usawa huo? Mkusanyaji wa majina ya lugha za Taita Taveta akiingiza “Kidawida” na “Kidabida”, kompyuta itahesabu lugha mbili ilhali ni moja. Akiagiza kwamba Kisagalla, kisemwacho karibu na Voi, ni sawa na Kidawida, lugha nzima itaachwa nje bila onyo. Kosa hilo si la mashine. Wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kushirikiana na wataalamu wa kompyuta tangu mwanzo: mdharau mwiba, mguu huota tende.