Umeme ukikatika Kolwezi, rekodi ya madini isipotee nao

Kolwezi, mji mkuu wa jimbo la Lualaba, unachimba shaba na kobalti zinazotafutwa dunia nzima, lakini umeme wake si wa kutegemea. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako karibu, juu ya mto Lualaba, na bado kampuni za migodi huwasha jenereta za dizeli ili kazi isisimame.

Tatizo hilo sasa haliishii kwenye taa na mitambo. Tangu Oktoba 16, 2025, Kongo imeweka mgawo wa kobalti inayouzwa nje: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka huo, na tani 96,600 kwa kila mwaka wa 2026 na 2027. Pale ambapo kila tani inahesabiwa, asiye na rekodi hana cha kudai. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Daftari la leo ni kompyuta, nayo ina sehemu mbili za kuweka taarifa. Kumbukumbu ya RAM ni ya haraka sana, lakini umeme ukikatika inasahau yote. Diski ni ya polepole, ila inakumbuka. Programu kama Redis, iliyotoka mwaka 2009, hufanya kazi ndani ya RAM na kunakili kwenye diski kwa kadiri ilivyopangwa. Ikipangwa kunakili kila sekunde, kinachoweza kupotea ni kama sekunde moja ya kazi. Ikipangwa kunakili kila baada ya dakika kadhaa, dakika hizo zote zinaweza kwenda.

Dakika chache ni nyingi kwenye ghala la madini. Chukua mfano wa mchimbaji mdogo aliyeleta mifuko kumi. Imepimwa uzito, kiwango cha madini kimesomwa, skrini imeandika "imepokelewa", na mifuko imemwagwa kwenye rundo pamoja na ya wengine. Umeme unakatika kabla diski haijaandika. Mzigo ule hauwezi kupimwa tena, na neno la mchimbaji linabaki peke yake mbele ya mnunuzi.

Wauzaji wa mifumo watasema kuna betri ya akiba na seva ya pili. Ni kweli vinasaidia. Lakini betri huchakaa, na seva mbili zilizo chumba kimoja, kwenye waya mmoja, huzimika pamoja.

RAM si adui. Inafaa kuonyesha bei ya siku, kwa sababu bei ikipotea inasomwa upya. Uzito wa mfuko hausomwi upya.

Kwa hiyo wenye maghala, vyama vya ushirika na mamlaka za serikali wasilipie mfumo wowote kabla ya kuuliza: je, neno "imepokelewa" linatokea baada ya diski kuandika? Je, nakala nyingine iko mbali, tuseme Lubumbashi? Kisha wachomoe waya wa umeme katikati ya kazi, muuzaji akiwepo, waone kilichobaki.

Na mchimbaji apewe risiti ya karatasi papo hapo. Kasi ya mashine inamfaidi mwenye ghala. Rekodi ikipotea, hasara ni ya aliyetoka shimoni.