Akseleratere inayokwama: kosa ni la kabo, la kompyuta, ao la tapi?

Kwa parkingi na kwa garaji za Bukavu, Goma, Butembo ao Uvira, mabishano ni yale yale: motokari ya zamani yenye kabo na ya kisasa yenye akseleratere ya elektroniki, ni ipi inaweza kumponyoka shofere? Wazee wa usukani wanasimama upande wa kabo, juu inaonekana na macho. Vijana wanajibu kwamba elektroniki haina waya ya kukatika. Lakini kesi iliyochunguzwa sana kuliko zote inaonyesha kwamba hatari kubwa ilikuwa pahali pengine.

Namna zinavyofanya kazi

Kwa motokari ya kabo, kama vile Corolla nyingi za miaka ya 1990, pedali inavuta waya, na waya inafungua mlango mdogo wa kuingiza hewa ndani ya moteri. Ukitoa mguu, resori inarudisha yote. Waya ikishika kutu, vumbi na matope vikiingia ndani ya ganda lake, ao nyuzi zikianza kukatika moja moja, inaweza kukataa kurudi. Mara mingi inatoa alama mapema: pedali inakuwa nzito, moteri inachelewa kushuka.

Kwa elektroniki, pedali iko na vipimo viwili vya umeme vinavyotuma habari kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo inaamuru mlango wa hewa ufunguke. Vipimo hivyo visipopatana, taa inawaka mbele ya shofere na nguvu ya moteri inapunguzwa.

Kilichotokea Marekani

Tarehe 28 Agosti 2009, karibu na San Diego, Lexus ES 350 ya kuazimwa ilikimbia bila kusimama. Polisi aliyeiendesha, siku hiyo hakuwa kazini, alikufa pamoja na watu watatu wa jamaa yake. Wachunguzi walikuta tapi ya mpira, ya aina ingine ya motokari, ndiyo iliyobana pedali. Toyota ikarudisha mamilioni ya motokari kwa garaji: kwanza juu ya tapi, kisha, Januari 2010, karibu milioni 2,3 juu ya pedali zilizokuwa zinakwama zenyewe.

Watu wengi walishuku kompyuta. Serikali ya Marekani ikaomba wahandisi wa NASA waichunguze. Ripoti ya Februari 2011 haikupata kosa la elektroniki lenye kuleta mbio kama hizo. Ilibakisha tapi na pedali. Mabishano hayakuishia pale: Oktoba 2013, kule Oklahoma, kisha kusikia wataalamu waliolaumu programu ya kompyuta, mahakama iliona Toyota iko na kosa juu ya Camry ya 2005. Machi 2014, kampuni ilikubali kulipa dola milioni 1 200 juu ya kuficha wanunuzi ukweli kuhusu tapi na pedali.

Inavyogusa mashariki ya Kongo

Pedali zile zilizorudishwa zilitengenezwa na kampuni moja ya Marekani. Motokari zilizotoka viwanda vya Japani zilikuwa na pedali zingine. Na motokari mingi ya okazyo inayofika hapa, ile yenye usukani kuume, inatoka Japani. Basi shofere wa hapa anapaswa kuogopa zaidi tapi. Ile ya asili ikipotea, watu wanakata mpira ao kapeti ya nyumba, na majira ya matope wanaweka ingine juu, bila ndoana ya kuizuia kutelezea mbele. Kabo ikikatika, wengine wanafungia waya ya pikipiki. Shofere wa teksi, mwenye pesa ya siku ya kumpelekea mwenye motokari, anasema garaji ni kesho.

Tena, barua ya kurudisha motokari inafuata mwenye kuandikishwa kule ilikouzwa. Haimufikii mnunuzi wa tatu kule Uvira. Ndiyo maana ni vizuri kuchukua namba ya shasi na kuitafuta kwa kurasa za mtengenezaji mbele ya kulipa.

Ikikwama njiani

Kwa mteremko wa Ngomo, kati ya Bukavu na Uvira, hakuna wakati wa kufikiri. Kanyaga freni kwa nguvu, mara moja, bila kuachilia. Usiikanyage-kanyage: moteri ikiwa imefunguka yote, nguvu inayosaidia freni inaisha upesi. Weka N; kwa gari ya ambreyaje, kanyaga ambreyaje na utoe vitesi. Moteri italia sana, iache ilie. Peleka motokari kando, isimame, ndipo uzime. Kuchomoa funguo ukiwa ungali unakimbia kunaweza kufunga usukani. Kwa motokari ya kifungo, kama hakuna njia ingine ya kuzima, kibonyeze kwa sekunde kadhaa. Na usiiname kuvuta tapi wakati motokari inatembea.

Motokari mingi ya elektroniki ya miaka ya kwanza haina ile programu inayokata moteri freni ikikanyagwa. Kwa hiyo, iwe kabo, iwe kompyuta, kazi ya asubuhi ni moja: mbele ya kuwasha moteri, kanyaga pedali mpaka chini, iachilie, uangalie kama inarudi upesi na kama tapi haiigusi. Abiria naye akiona tapi imepanda juu ya pedali, iko na haki ya kusema mbele ya safari.