Kisima kikavu ni hasara ya mnunuzi

Katika minada ya mifugo ya Wilaya ya Ngorongoro, bei ya ng'ombe hupangwa na maji kabla ya kupangwa na mnunuzi. Kiangazi kikikaza, mifugo hutembezwa mbali, hukonda, na mwenye mali huuza kwa bei yoyote. Kwa hiyo kisima kirefu Loliondo si huduma ya jamii tu, bali pia ni mtaji wa biashara.

Mtaji huo huponyoka kwa urahisi. Katika miamba migumu ya huko, maji hukaa zaidi kwenye nyufa, na mtambo ukikosea ufa kwa mita chache hutoa vumbi. Visima vitatu vikichorongwa kwa gharama ileile na kimoja kikawa kikavu, kila chenye maji kimegharimu bei ya kisima kimoja na nusu. Mkataba ukiwa wa kulipa kwa mita, hasara yote humwangukia mnunuzi: kijiji, halmashauri au mfadhili.

Wachimbaji wa mafuta wana dawa yao. Keekee inapoponda mwamba hutoa mitetemo. Vipokeo vilivyotegwa juu ya ardhi huinasa, na muda inaotumia kufika huonyesha kama mwamba ni mgumu au umepasuka. Vipimo husomwa kazi ikiendelea. Huko Olkaria, Kenya, ambako umeme wa jotoardhi ulianza kuzalishwa mwaka 1981, mitetemeko midogo ya ardhi ilipimwa katika miaka ya 1990 ili kufahamu joto lilipo.

Je, mitambo hiyo ipelekwe kila kijiji? Hapana. Kwa kisima cha maji cha mita mia moja au mbili, gharama yake ingemeza faida. Inafaa zaidi Ziwa Natron, mashariki ya Loliondo, ambako Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania (TGDC) ina mradi wake. Visima vya jotoardhi huweza kupita kilomita moja kwenda chini.

Loliondo ichukue kanuni, iache mtambo. Ukinzani wa umeme ardhini upimwe kabla ya kuchoronga, kwa kuwa kipimo hicho ni nafuu. Kazi ikianza, sampuli za mawe na kasi ya keekee viandikwe kila mita chache. Maji yakipatikana, floraidi ipimwe, maana maji mengi ya Bonde la Ufa huzidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita.

Hapana budi Wakala wa Maji Vijijini (RUWASA), ulioanzishwa mwaka 2019, na wafadhili watenganishe malipo ya mpimaji na ya mchorongaji, wajiwekee haki ya kusimamisha kazi vipimo vikikataa, na watunze kumbukumbu hata za mashimo makavu. Anayekwepa gharama ya vipimo leo atalipia shimo la pili kesho, akiwa na ng'ombe wachache zaidi wa kuuza.