Resori Isicheze Katika Kisahani Chake



Vijana wetu wanapenda motokari iliyoshuka chini. Wanasema ni nzuri, tena haiegami sana katika kona. Hapo hawadanganyi. Lakini wanapokata resori kwa shalumo ili kuishusha, mimi nakataa, nami nataka mnielewe.

Mara nyingi resori ya mviringo haifungwi kwa buloni. Inashikwa na nguvu yake yenyewe: juu inasukuma mwili wa motokari, chini inasukuma kisahani inamokaa. Ikikosa cha kusukuma, iko huru.

Tupige hesabu. Resori moja inabonyea sentimetre 1 kwa kila kilo 30. Ikibeba kilo 300, imebonyea sentimetre 10. Gurudumu likiingia shimoni linashuka mpaka mwisho wa amortisere, tuseme sentimetre 8. Resori bado imebonyea sentimetre 2, haitoki mahali pake. Sasa weka resori fupi yenye ugumu uleule, inayoshusha motokari sentimetre 4. Gurudumu litaweza kushuka sentimetre 12, lakini resori imebonyea 10 tu. Sentimetre 2 zinazobaki ni hewa. Resori inacheza, inagonga, na gurudumu likirudi inaweza kukaa upande.

Iliyokatwa ni mbaya zaidi. Mwisho wake ulitengenezwa ulale vizuri katika kisahani; ukiukata, resori inasimama kwa ncha. Moto wa shalumo unaharibu nguvu ya chuma, na hapo kinaweza kuvunjika. Tena, ukitoa mizunguko 2 katika 8 inayofanya kazi, ile 6 inayobaki ni migumu zaidi kwa theluthi moja. Inabonyea kidogo, basi inaachia kisahani mapema.

Na mwili wako? Nafasi ya kubonyea ikiisha, chuma kinagonga chuma, na pigo linapanda mpaka uti wa mgongo. Wewe unayeshinda juu ya kamyo ya karieri umekwisha kupata mitikisiko ya kutosha. Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni kilometre 300 hivi. Bibi mwenye mimba asifanye safari hiyo akipigwa kila shimo.

Anayetaka kushusha motokari anunue resori za kiwanda zilizofanywa kwa motokari ile. Nyingine zina mizunguko iliyokaribiana, inayolala pamoja chini ya uzito na kufunguka gurudumu likining'inia, ili resori ibaki mahali pake. Nyingine zinataka amortisere fupi. Asiye na uwezo huo aache motokari kama ilivyo. Si aibu.

Ukinunua motokari ya mtu, mwambie fundi aiinue, aiweke juu ya vigogo imara, wala asiiamini kriki peke yake. Magurudumu yakining'inia, ajaribu kuzungusha resori kwa mkono. Ikicheza, usiendeshe. Na asiitoe bila chombo cha kuibana: resori iliyobanwa ikiponyoka inaweza kuvunja taya au kutoboa jicho.

Kazini, ukiona mashine yenye kipande kilichokatwa ovyo, huipandi; unamwita shefu. Motokari inayobeba watoto wako inastahili uangalifu uleule.

Msaidizi wa mganga