Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: Maneno yale si yangu

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu ya Wilaya,

YAH: MUHTASARI WA KIKAO CHA KIJIJI KUHUSU KALVATI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Katika ukurasa wa pili wa muhtasari huo pameandikwa kwamba mwalimu wa sekondari ameshauri kalvati lisogezwe juu, kwenye mwamba. Mwalimu huyo ni mimi, na ushauri ule si wangu.

Ni wa mzee jirani yangu, aliyeishia darasa la nne. Siku ile alinyoosha mkono mapema. Lakini fomu ya mahudhurio ilikuwa na safu ya "kiwango cha elimu", kati ya jina na sahihi, na mwendesha kikao akawa anaita wachangiaji huku macho yake yakiwa kwenye safu hiyo. Wenye digrii tuliitwa kwanza. Mimi sikuwa na la kusema, nikapitisha. Mzee alifikiwa jua limeshapinda, akapewa dakika mbili. Akaegemea fimbo yake, akaeleza kwamba mvua za El Niño, 1997 kuingia 1998, korongo liliacha njia yake likapita katikati ya mihogo ya marehemu kaka yake, pale pale palipopigwa vigingi vyekundu vya kalvati. Mchanga wa pale, alisema, ukichimba kina cha mkono unakutana na maji hata mwezi wa kumi. Fundi sanifu akatabasamu: "Mzee wangu, hayo umeyapima?" Watu wakacheka. Kalamu ya katibu ilikuwa imelala mezani.

Nikasimama mara ya pili, wala hakuna aliyenihesabia dakika. Nilirudia yale yale, nikayavika maneno ya darasani: "uwanda wa mafuriko", "mmomonyoko". Kalamu ikaanza kukimbia. Nilisifiwa, nikanyamaza. Naona haya mpaka leo.

Nafundisha fizikia, Ndugu Mkurugenzi, na kisa cha Erasto Mpemba nakisimulia kila mwaka. 1963, akiwa mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, alihofia nafasi kwisha kwenye jokofu, akaingiza maziwa yake ya aiskrimu yangali ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambaye hakuchemsha kabisa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza jambo hilo Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne aliahidi kujaribu, akarudi akaagiza jaribio lifanywe. Mwaka 1969 makala ikachapishwa kwa majina ya wote wawili. Wanasayansi wanalibishania jambo hilo hadi sasa, lakini wanabishana kwa vipimajoto.

Sisemi mzee aachiwe achore kalvati. Hesabu za nondo na zege ni za mhandisi. Ila mhandisi hakuwapo korongoni 1998. Na Katiba yetu, ibara ya 67, kwa upande wa elimu inamtaka mgombea ubunge ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, basi. Mtu huyo anaruhusiwa kutunga sheria za nchi nzima, halafu kulisemea korongo linalopita shambani kwao anawekwa mwisho wa foleni?

Naomba muhtasari uandikwe upya, jina la mzee likae palipo jina langu. Safu ile nayo iondolewe kwenye fomu. Kama takwimu zake zinahitajika, zichukuliwe mlangoni watu wakishatoka. Ombi hili lina haraka kidogo, maana mkandarasi ameshashusha mawe. Mzee hupatikana nyumbani kuanzia saa kumi jioni. Mtume mhandisi wiki hii, nami nitawasindikiza mpaka kwenye vigingi, nikiwa msikilizaji tu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa sekondari, mkazi wa kijiji