Mtambo "Unaojimwagilia Wenyewe" Huku Mama Anabeba Ndoo 30

Leo nataka tugombane kidogo, hasa wewe mwenye kitalu nyumba, au griinihausi kama wengi mnavyoiita, na wewe mwenye duka la pembejeo unayemuuzia vifaa.

Kila kiangazi kikikaribia napigiwa simu na watu wenye swali moja: "Bwana shamba, nataka kufunga umwagiliaji wa kujiendesha, ninunue taima gani?" Na mimi huuliza swali langu: maji yanaingiaje kwenye tangi? Hapo simu hunyamaza. Mara nyingi jibu ni kwamba maji yanachotwa bondeni, na anayeyachota ni mke au watoto wakitoka shule.

Basi tupige hesabu. Kitalu cha mita 8 kwa 15 kinabeba miche kama 500 ya nyanya. Mche mmoja uliokwisha kubeba matunda, wakati wa jua, hunywa lita moja hadi lita moja na nusu kwa siku. Tuseme lita 1.2. Hizo ni lita 600 kila siku, yaani ndoo 30 za lita 20. Jumapili ndoo 30, siku ya msiba ndoo 30, siku mama anaumwa ndoo 30. Halafu kwenye mlango wa tangi umefunga saa ya kidijitali inayofungua maji saa 1 asubuhi bila mtu kugusa koki, na jirani akipita unamwambia mtambo unajiendesha. Unaendeshwa na kichwa cha mama. Ulichoondoa ni kazi ya kufungua koki, ambayo ni dakika moja. Kazi ya saa tatu umeiacha palepale na pengine umeiongeza, kwa sababu saa haichoki kumwaga.

Ndiyo maana nasema, na wauzaji wanikasirikie: asiye na maji yanayofika kwenye tangi bila kubebwa asinunue taima. Pesa hiyo aielekeze kwenye kuingiza maji kwanza.

Sisi watu wa milimani tumepewa kitu ambacho wenzetu wa tambarare wanakilipia. Tuna mteremko. Chemchemi iliyo juu ya shamba lako inaweza kuleta maji kwa mserereko kupitia bomba la plastiki lililofukiwa, bila umeme wala mafuta. Mdomoni mwa tangi unafunga boya, lile mafundi wanaloliita floti, sawa na lililomo kwenye tangi la choo cha kuvuta. Tangi likijaa boya linapanda na kufunga, likishuka linafungua. Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya kujiendesha na haina betri. Kama maji yako chini ya shamba, pampu ndogo ya sola ipandishe mchana kutwa polepole. Na kama kijito chako kina maporomoko hata ya mita mbili tu, ulizia pampu ya nyundo ya maji. Inatumia nguvu ya maji yenyewe kusukuma sehemu ndogo ya maji hayo hadi mita 15 au 20 juu. Ni teknolojia ya Ufaransa ya miaka ya 1790, na nashangaa kwa nini huku kwetu haizungumzwi kuliko hizi sensa za simu.

Ila tahadhari mbili. Kuchepusha maji ya mto au kijito kwa kilimo cha biashara kunahitaji kibali cha maji, na kwetu anayeshughulikia ni Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika iliyoko Kigoma mjini. Pia Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Nimeona vitalu vimesimikwa kando ya maji kabisa ili kukwepa gharama ya bomba. Siku utakapoambiwa ubomoe, bomba lingekuwa rahisi.

Ya pili inaniuma zaidi. Wapo wanaounga kitalu kwenye bomba la kijiji. Sera ya Maji ya 2002 ilisema kila mwananchi wa kijijini apate lita 25 kwa siku. Lita 600 za nyanya zako ni maji ya watu 24. Ukiweka taima ikafungua alfajiri, wakati ndoo zimepangwa foleni kituoni, umewanyang'anya watu 24 maji ya kunywa ukiwa bado umelala. Kama jumuiya ya watumia maji imekuruhusu, imekufungia mita na unajaza tangi usiku, sina neno. Kama ni kwa kujuana na mtu wa pampu, usiniombe nikusaidie kuunga.

Sasa twende kwenye taima yenyewe, maana hapa ndipo pesa za watu zinapotelea na ndipo nina ugomvi na vifurushi vinavyouzwa.

Taima za bustani ziko za aina mbili kwa ndani. Moja ina valvu ya sumaku, mafundi wanaiita solenoidi. Nyingine ina kijimota kidogo kinachozungusha koki ya gololi, kama mkono wako unavyozungusha. Kwa nje zinafanana, na ile ya sumaku mara nyingi ni ya bei nafuu, kwa hiyo ndiyo inayojaa madukani. Tatizo ni kwamba valvu nyingi za sumaku zinategemea msukumo wa maji ili zifunguke na kufunga sawasawa. Zimetengenezwa kwa bomba la mjini. Msukumo wa baa moja unatokana na maji yaliyo mita 10 juu. Tangi lako umeliweka kwenye kichanja cha mita moja na nusu, kwa hiyo una baa 0.15. Kwa msukumo huo valvu inafunguka nusu, au haifunguki kabisa, au mbaya kuliko zote inafunguka na haifungi. Asubuhi unakuta tangi tupu na tope limejaa upande wa mteremko, na ugonjwa wa mnyauko bakteria hauhitaji mwaliko mwingine. Muuzaji atakwambia ulikosea kupanga saa. Hukukosea. Kifaa hakikuwa cha tangi lako.

Kwa hiyo dukani uliza jambo moja: "Hii inafanya kazi bila presha?" Kwenye boksi tafuta kiwango cha chini cha msukumo. Kama kimeandikwa baa 0.5 au zaidi, rudisha. Ukitaka kujua bila kusoma, weka betri, ifungue, pulizia kwa mdomo. Pumzi ikipita bila kizuizi, ni ya koki ya gololi. Na wewe mwenye duka, usiseme hukujua, mjaribie mteja hapo hapo kaunta.

Au fanya jambo ambalo milima yetu inaruhusu. Acha kichanja, peleka tangi juu ya kilima. Likikaa mita 10 juu ya kitalu kwa kimo, unapata baa moja kamili, na karibu kifaa chochote kitafanya kazi. Gharama ni bomba la kufukia. Hata kichanja si bure: tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, na miti ya mikaratusi iliyofungwa kwa misumari imekwisha kudondosha matangi mengi.

Msukumo unagusa pia mipira ya matone. Tundu lililoandikwa lita 1.6 kwa saa hutoa kiasi hicho kwenye baa moja. Kwenye baa 0.15 litatoa kama lita 0.6. Si kosa, ila lazima ujue, maana karatasi ya maelekezo inakwambia umwagilie dakika 40 wakati wewe unahitaji saa mbili kwa siku. Usiamini karatasi wala usiniamini mimi. Chukua vikombe vitatu, weka kimoja chini ya tundu la mwanzo wa mstari, kimoja katikati, kimoja mwisho. Subiri dakika 15, pima. Zidisha mara nne, hiyo ndiyo lita ya saa yako. Kikombe cha mwisho kikiwa pungufu sana kuliko cha kwanza, mistari yako ni mirefu mno au imeziba.

Na itaziba. Maji ya mabonde yetu yanakuja na udongo mwekundu. Chujio si mapambo. Nunua la sahani au la wavu wa mesh 120, lifunge kati ya tangi na kitalu, lifungue na kuliosha kila baada ya siku mbili tatu wakati maji ni machafu. Kila Jumamosi fungua ncha za mistari yote maji yatoke hadi yawe meupe. Ukipitisha mbolea kwenye matone, usichanganye ile ya kalsiamu na ile yenye fosfeti au salfeti kwenye pipa moja, inaganda kama chaki na kuziba kila tundu.

Najua mtakachosema. "Bwana shamba hataki maendeleo." Mzee mmoja wa Makere alinijibu hivyo mbele ya watu. Nami nilimjibu kwamba kuna njia ya kujiendesha ambayo haina hata betri, nayo ni pipa la kipimo. Chini ya tangi kubwa weka dogo la lita 300. Jioni unalijaza na kufunga koki ya juu. Asubuhi unafungua koki ya chini na kwenda shambani kwako kwa mihogo. Likiisha limeisha, haliwezi kumwaga zaidi ya lita 300 hata ukilala msibani siku mbili. Saa 8 mchana mtoto anafungua la pili. Taima mbovu inaweza kumaliza tangi zima. Pipa haliwezi. Kwa bustani ya jikoni kuna la zamani zaidi: chungu cha udongo kisichopakwa rangi, unakifukia hadi shingoni, unakijaza na kukifunika. Udongo ukikauka kinavujisha, ukilowa kinatulia. Wachina waliandika juu yake kabla ya Kristo, na hiyo ndiyo sensa ya unyevu ya bei rahisi kuliko zote.

Sipingi taima. Mwenye maji ya mserereko, boya, chujio safi na mistari iliyopimwa kwa vikombe, anunue, na ataipenda. Aipange mara mbili, saa 1 asubuhi na saa 8 mchana. Jioni hapana: usiku wa Juni na Julai huku juu ni baridi, na unyevu uliofungiwa ndani ya plastiki ndio unaoalika ukungu. Umwagiliaji wa vipindi sawa ndio unaozuia nyanya kuoza kitako. Wengi hulaumu mbegu, kumbe walimwagilia sana Jumatatu na kusahau hadi Alhamisi. Lakini hata mwenye taima aingie kitaluni kila siku. Mama aliyekuwa anamwagilia kwa kopo alikuwa anaona mche ulionyauka mchana huku wenzake wamesimama, akaung'oa siku hiyohiyo. Saa haioni, itaendelea kuunywesha mche wenye bakteria na kupeleka ugonjwa kwa jirani zake.

Limebaki la kuhifadhi. Tangi la lita 1,000 halimalizi siku mbili. La lita 5,000 linafika siku ya nane. Kuanzia Juni hadi Septemba unahitaji zaidi ya lita 70,000. Kama huna chemchemi, umwagiliaji wako wa kiangazi hauko kwenye tangi wala kwenye taima, uko kwenye paa la kitalu chenyewe. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 120 kwa mvua ya milimita 1,000 linashusha lita 120,000, na hata ukipoteza moja ya tano unabaki na karibu lita 96,000. Shimo la mita 8 kwa 7 lenye kina cha mita 2, kuta zikiwa na mteremko kidogo na sakafu imetandikwa karatasi nzito ya plastiki, linapokea kama lita 80,000. Lifunike kwa kivuli maji yasiishie hewani, na lizungushie uzio wa kweli kabla tone la kwanza halijaingia, maana mtoto akiteleza kwenye plastiki hana pa kushika.

Anayekopa fedha za halmashauri za asilimia 10, kikundi cha vijana au cha akina mama, aandike shimo na gata kwenye andiko la mradi kabla ya kuandika kitalu. Na wenye maduka Kasulu na Kibondo mjini, agizeni maboya, machujio, mipira ya akiba na viungio vyake, vitu vinavyouzika kila wiki. Mteja ambaye valvu yake imekufa hawezi kungoja kifaa kitoke Mwanza wakati nyanya zinaanza kuiva.

Mvua zetu huanza Oktoba. Gata zifungwe Septemba.